Uzio wa Matete Kati ya Nkambo na Mkwe Wake

Matete mabichi yana harufu yake: harufu ya maji yaliyokaa, tamu kidogo, inayoingia puani na kushuka hadi kooni. Juzi nilikutana nayo sokoni Nchelenge, upande ule wanaouza chisense, dagaa wetu wa Ziwa Mweru. Mtu mmoja alikuwa ameshusha mizigo ya matete kutoka kwenye baiskeli, maji bado yanachuruzika. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nanusa. Nikamjibu nanusa. Akacheka, akaendelea na kazi yake, nami nikarudi nyumbani bila kununua samaki niliotumwa na tumbo langu mwenyewe.

Harufu ile ilinirudisha Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka ule nilikaa miezi kadhaa na Nkambo yangu, yaani bibi yangu mzaa baba, katika nyumba za wazee zilizojengwa na chama chetu. Uwanja wa nyumba zile ulikatwa katikati kwa uzio wa matete. Watu wakizisifu nyumba zile leo, hakuna anayetaja uzio, kwa hiyo nitautaja mimi.

Nianze na chama. Sisi wa Mantapala tulitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, kila familia kwa njia yake na kutoka kijiji chake. Bloku yetu ilikuwa mbali na kliniki. Mzima aliyeondoka sufuria ya bukari, ugali wetu, ikiwekwa jikoni alifika bukari ikiwa imeshaliwa na vyombo vimeoshwa. Mgonjwa ndiye aliyekuwa na kazi. Mara moja watu walimbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani ya blanketi, blanketi likapasuka, akajifungulia njiani kwenye majani. Mama akapona, mtoto akapona, lakini watu wazima waliona aibu kubwa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mama Kyungu, mwanamke mnene mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alisimama akasema, "Hatuna motoka, lakini mabega tuko nayo. Tutabebana."

Hapo chama kikapata jina: Tubebane. Mafundi wakatengeneza kipoyi, kiti kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu, na wabebaji wakawa wanne. Kila nyumba ilitoa bega moja kwa zamu. Asiyeweza kubeba alitoa kuni za kuwapikia wagonjwa, na asiye na kuni alikwenda kufua nguo zao. Hakuna aliyeandikiwa deni. Ukikwepa zamu yako, Mama Kyungu alikuja kukusalimia asubuhi, na salamu yake ilisikika mpaka bloku ya tatu.

Baada ya muda wabebaji waligundua kwamba kila wiki wanabeba watu walewale. Wajawazito walikuja na kupita, malaria ilikuja na kupita, lakini wazee walikuwa palepale: wa tansioni, ndiyo presha ya damu, wa sukari, wa kifua. Baba yangu, aliyekuwa akileta samaki kutoka Mununga kwa baiskeli na ambaye mabega yake yalikuwa yamechoka kabla ya zamu kuanza, alisema kwenye mkutano, "Huyu muzee tunamubeba kila Jumanne, tunamurudisha kila Jumanne. Kwa nini tusimubebe mara moja tu, tumuache kule?" Watu waliangua kicheko, maana ilisikika kama mtu anayetaka kutupa wazee. Lakini kicheko kilipokwisha, Mama Kyungu alikuwa ameshaanza kuhesabu matofali.

Ndivyo nyumba zilivyojengwa. Zilikuwa sita, za matofali ya udongo, mistari miwili ya nyumba tatutatu inayotazamana, na katikati bomba la maji la kusukuma kwa mkono. Kutoka pale mpaka mlango wa kliniki ni umbali wa kurusha jiwe, tena jiwe la mtoto. Sote tulifyatua matofali. Mimi nilichota maji ya kukandia udongo mpaka kisogo changu kikauma, na nilijiona mwanachama kamili.

Nkambo Ngoie alikuwa mmoja wa waliopewa nyumba. Tansioni yake ilikuwa kubwa, miguu ilivimba, na mara mbili alikuwa ameanguka jikoni. Nesi wa kliniki, Mubemba wa hapahapa Nchelenge, alikuwa ametuambia wazi kwamba Nkambo ameze vidonge kila siku na apimwe mara kwa mara, na kwamba mvua zikianza, kijito kati ya bloku yetu na kliniki kitajaa na kipoyi hakitavuka. Mimi nililala naye mkeka mmoja. Nilikuwa na desturi ya kumwekea mkono mbavuni nione kama anapumua. Nilitaka sana aende kwenye nyumba ile. Niliogopa kuamka siku moja nikiwa nimelala na maiti, na niliogopa zaidi kubaki bila yeye, kwa sababu nyumbani kwetu yeye ndiye aliyekuwa na muda wa kunisikiliza.

Tulimhamisha Jumamosi. Nkambo alivaa kitenge chake cha ibada, akapakata sufuria yake, akapanda kipoyi huku akiwaonya wabebaji wasimtikise. Mimi nilitembea pembeni na kigoda chake kichwani. Tulipoingia uwanjani alianza kusalimia watu kushoto na kulia. Kisha akatazama nyumba iliyoelekeana na yake. Mlangoni alikaa mzee mwembamba, anasuka mkeka.

Nkambo alipiga yowe. Sufuria ikaanguka, kitenge kikapanda kichwani, na kutoka ndani ya kitenge sauti ikatoka, "Munirudishe! Munirudishe! Mukwe wangu eko pale!"

Yule mzee naye aliruka kama kijana, akaingia ndani afunge mlango. Mlango wenyewe ulikuwa haujawekwa bado. Basi akasimama ameangalia ukuta, mgongo kwetu, mkeka wake haujamtoka mkononi. Wabebaji walizunguka na kipoyi, wawili wakavuta mbele, wawili wakavuta nyuma, mpaka mama yangu akawakemea wakageuka. Nkambo akawa mgonjwa wa kwanza wa Tubebane kurudishwa nyumbani kabla ya kufika.

Mzee yule alikuwa Kasongo, mume wa marehemu shangazi yangu Monga, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikufa wakati wa kukimbia vita. Yeye na mume wake walishika njia moja, sisi na Nkambo tukashika nyingine. Mzee Kasongo alikuwa amefiwa na mke wa kwanza alipomwoa Shangazi, mtu mzima tayari, kwa hiyo yeye na mama mkwe wake walikuwa karibu sawa kwa umri. Lakini umri hauondoi ukwe. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei, mpaka siku ya kufungua uso. Siku hiyo mkwe huleta kuku, mama mkwe humpika, na mke ndiye anayebeba sahani kutoka kwa mama yake mpaka kwa mume wake. Baada ya hapo wanaweza kuonana kama watu wengine. Kwa Shangazi Monga kuku walikuwa wameshapangwa, kisha vita ikaja na kuku wale wakaliwa na watu wengine.

Pale Mantapala Mzee Kasongo alikuwa akiishi bloku ya mbali, na kuepukana hakukuwa kazi. Siku majina ya nyumba yaliposomwa, baba alikuwa Mununga, Nkambo hakuweza kutembea mpaka mkutanoni, na mama alikuwa shambani kwenye mihogo. Mama Kyungu alikuja kutuambia namba ya nyumba yetu tu.

"Alo, mbona hamukusema?" Mama Kyungu aliuliza, jasho linamtoka.

"Na nyinyi, mbona hamukuuliza?" mama akamjibu.

Wote wawili walikuwa na haki. Kijijini hakuna anayeuliza nani ni mkwe wa nani. Kila mtu anajua tangu anaponyonya, na fundi akijenga nyumba hujua mwenyewe mlango uelekee wapi. Pale tulikuwa watu wa vijiji hamsini tuliochanganyika, na bado tulijenga kama watu wa kijiji kimoja. Tena kubadilisha nyumba hakungesaidia. Uwanja ulikuwa mmoja, bomba moja, choo kimoja kila upande, na milango yote sita iliangaliana.

Nesi aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni banafyala!" akasema, yaani mama mkwe, maana Wabemba nao wanalo jambo hilo, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kisha akaacha kucheka. "Lakini mvua iko karibu," akamwambia mama. "Bambuya, ule bibi yenu, akibaki kule, mimi sitamufikia. Muelewane haraka."

Nkambo hakutaka kusikia. Alisema heshima si utumwa, na kwamba afadhali tansioni imwue akiwa na uso wake. Nililia siku ile, kilio cha wazi cha mtoto, na hakuna aliyenibembeleza kwa sababu kila mtu alikuwa na hasira na mwingine.

Jibu lilitoka kwa Mzee Kasongo mwenyewe. Alimtuma Mama Kyungu na ujumbe: "Mumuambie mama akuye. Lupango nitafuma miye mwenyewe. Hataniona." Lupango ni uzio. Wabebaji wa Tubebane wakaenda ziwani na baiskeli tano kuleta matete, na mzee akafuma siku tatu, kuanzia ukuta wa nyumba ya kwanza mpaka mwisho wa uwanja, uzio mrefu kuliko mtu, umekazwa sana hivi kwamba hata kifaranga hakikupita. Bomba lilibaki kwenye pengo la katikati. Wakapanga zamu: Nkambo asubuhi, mzee baada ya saa sita. Siku ya nne Nkambo alirudi na kipoyi, kitenge kichwani, akaingia nyumba yake. Mimi nikaja naye, na nikapewa kazi.

Kazi yangu ilikuwa kutangulia. Kila Nkambo alipotoka kwenda bombani au kliniki, nilisimama penye pengo nikapaza sauti, "Mama anapita!" na upande wa pili mzee akaingia ndani. Mzee alipotaka kupita, alikohoa mara tatu, nami nikamficha Nkambo. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Siku moja Nkambo amelala nilitangaza kwamba anapita, ili tu nimwone mzee akikimbia na mboga ya sombe, majani ya mihogo, mdomoni. Nkambo alikuwa macho. Alinifinya sikio, akaniambia nimetania mtu aliyebeba msiba wetu. Sikuelewa maneno yale, nilielewa sikio tu.

Nilikuwa pia redio yao. Asubuhi Nkambo angesema kwa sauti ya kuvuka uzio, "Feza, muulize ule mutu wa kule kama amekula." Nami nikaenda penye pengo nikauliza. Mzee, hatua ishirini kutoka pale, aliyesikia kila neno, alinijibu mimi, "Umuambie nimekula. Na miguu yake?" Nikarudi nikasema anauliza miguu. "Umuambie inapungua." Mchana mzee alisukuma viazi kwenye pengo, jioni Nkambo akasukuma samaki. Hawakuwahi kukosana hata mara moja. Nilifikiri huo ndio ukwe, mchezo wa heshima wa watu wazima, na nikaona unaendelea vizuri.

Siku niliyokosa ilikuwa siku ya kugawa chakula. Wazee wote wenye miguu walikuwa wameenda kwenye mstari, au wameenda kukaa kivulini karibu na mstari. Rafiki yangu alikuja akasema wanagawa pia mipira. Nkambo alikuwa amelala. Nikasema nitakwenda na kurudi kabla hajaamka. Nisiseme uongo: sikufikiria chochote ila mpira. Tena mipira haikuwepo.

Niliporudi niliona kwanza ndoo, imelala karibu na bomba, maji yamemwagika na udongo umeshayanywa. Kisha niliona uzio. Ulikuwa umepasuliwa, si penye pengo bali moja kwa moja mbele ya mlango wa mzee, tundu la ukubwa wa mtu, matete yamevunjika yanaelekea upande wetu. Kiatu kimoja cha mzee kilikuwa ndani ya tundu lile. Nyumba zote mbili zilikuwa tupu.

Nilikimbia kliniki. Nkambo alikuwa kitandani, mdomo umepinda kidogo upande mmoja, nesi anamfunga mkono kipimo. Nesi alinieleza baadaye. Nkambo aliamka, akaona hakuna maji, akaenda mwenyewe bombani, akaanguka. Mzee Kasongo alisikia ndoo. Aliita jina langu mara nyingi. Hakuna aliyejibu. Ndipo akapita katikati ya uzio aliousuka kwa mikono yake, akamgeuzia mama mkwe wake mgongo ili asimwone uso, akamvuta mikono mabegani kwake, akambeba mpaka kliniki na mguu mmoja peku. Alimlaza kitandani kinyumenyume, macho yanaangalia dirisha, akatoka. "Angechelewa kidogo tu," nesi akasema, akarudi kwenye kipimo chake.

Nkambo alikaa kliniki siku tano. Mdomo ulirudi mahali pake, maneno yakarudi, lakini juu ya jambo lile hakutamka hata moja. Mimi sikupigwa. Baba alinitazama tu, na nilitamani anipige.

Mzee Kasongo alikuwa amemgusa mama mkwe wake, na kwa hesabu za kwetu hilo ni kubwa kuliko kumtazama. Alifunga mikeka yake, akanunua kuku, akaenda kukaa nje ya nyumba ya Mama Kyungu. Akasema analeta faini, na kwamba anarudi bloku yake ya zamani, nyumba apewe mwingine. Kifua chake kilikuwa kibaya, na kila mtu alijua kwamba huko bloku hatamaliza mvua. Komite ikakaa. Wengine walisema uzio utengenezwe upya kwa mabati. Wengine walisema mzee aende zake. Mama Kyungu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ndogo, "Tumuulize mama mwenyewe."

Wakaenda kumuuliza, nami nikawa mlangoni. Nkambo aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Ule kuku eko wapi?" akauliza.

"Eko kwangu, nimemufunga muguu," Mama Kyungu akasema.

"Basi mumulete nimupike. Na lupango muiache vile iko. Musitengeneze."

"Na sahani, mama? Nani atashika sahani? Monga haiko."

Nkambo aligeukia mlangoni nilipokuwa. Kisha akanielekezea kidole. "Mutoto wa kaka yake eko."

Kuku akapikwa Jumapili mchana. Nilivalishwa gauni la kanisa, nikapewa sahani ya bukari na kuku, nikapita katika tundu la uzio kama mtu anayepita mlangoni. Mzee Kasongo alikaa ametupa mgongo. Alikula matonge matatu, akanirudishia sahani. Nikairudisha. Nkambo akanawa, akashusha kitenge kutoka kichwani mpaka mabegani, akasema, "Ugeuke, baba."

Akageuka. Walitazamana muda mrefu, wazee wawili ambao miaka yote ile walijuana kwa mbali na kwa kikohozi tu.

"Umezeeka," Nkambo akasema.

"Na weye pia, mama."

Watu wakacheka, Mama Kyungu akapiga vigelegele, na nikadhani sherehe imekwisha. Nkambo alingoja kelele zitulie. Akavuta kigoda chake mpaka karibu kabisa na mzee, akasema, "Sasa uniambie mutoto wangu alikufa namna gani. Uniambie ulimulalisha wapi."

Mmoja mmoja watu wakaondoka. Mimi nilitaka kubaki, lakini Nkambo akasema, "Feza, enda uchote mai," na nilikwenda nimenuna, kwa sababu ndoo ilikuwa imejaa.

Siku hizi Tubebane ina nyumba nyingi zaidi, na mzee akiomba kuingia, swali la kwanza ni kama ana mkwe ndani. Vijana wa komite hulicheka swali hilo. Mimi silicheki. Nilikuwa mtoto mkubwa tayari, na kwa miezi ile yote nilibeba maneno ya watu wale wawili huku na huku, nikaona hawakosi kitu. Hujambo, umekula, miguu inasemaje: hayo mtoto anaweza kuyabeba. Nilipokuwa msichana mzima, Nkambo ameshazikwa, ndipo nilipolielewa lile la msiba alilonifinyia sikio. Mtu pekee duniani aliyejua kaburi la mwanawe liko wapi aliishi hatua ishirini kutoka mlangoni mwake, na heshima ilimkataza kumuuliza; na kwetu habari ya kaburi haitumwi kwa mdomo wa mwingine, hata wa baba. Naye yule mzee alikuwa na habari ya kumpa mama, na hakuwa na uso wa kuipa.

Niliporudi na maji siku ile, niliwakuta wameinama. Mzee alikuwa ameshika kijiti, ardhi mbele yao imejaa mistari: njia, kijito, mti, mawe matatu. Nkambo alikuwa akigusa mstari mmoja baada ya mwingine kwa kidole, midomo inacheza.

"Feza," akasema bila kuinua kichwa, "leo usifagie."

Nilifurahi, maana kufagia sikupenda. Hata sikuitazama mistari yenyewe. Asubuhi yake nilishika ufagio nikamwangalia, ninangoja anikataze. Hakunikataza. Alikuwa ameshaijua njia.